Tarakimu Nne Ubavuni mwa Tairi

Yayo Humed hakuamini tairi lolote ambalo hakuligusa kwa mkono wake mwenyewe, na hata baada ya kuligusa aliliamini nusu tu. Watu wa Logia walizoea kumwona akichutama kando ya gari lake asubuhi, kabla hata ya chai, akipitisha kiganja ubavuni mwa kila tairi, akibonyeza kwa kidole gumba, akinusa. Alipomaliza la nne alirudi kwa la kwanza, kana kwamba lingeweza kugeuka alipolipa kisogo.

Hakuwa hivyo zamani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha Landkruza yake nyeupe kati ya Logia na kambi za wafugaji zilizo ng'ambo ya mawe meusi, yale mawe ya volkano yenye makali ya chupa iliyovunjika, na matairi aliyanunua jinsi mtu anavyonunua chumvi. Mwaka uliotangulia, katika miezi ya joto kali, alikuwa amembeba mke wa jirani yake, aliyeshikwa na uchungu, akimkimbiza hospitali ya Dubti. Tairi moja lilipasuka juu ya mawe. La pili lilipasuka saa moja baadaye, juu ya lami iliyonyooka, pasipo jiwe wala msumari, na tairi la akiba lilikuwa limekwisha kutumika. Mama yule alijifungulia kwenye kivuli cha gari. Yeye alipona, mtoto hakupona. Jirani hakumlaumu Yayo hata kwa jicho, na kutolaumiwa huko kulimkaa kifuani kama mfupa.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yake. Medina aliolewa katika kambi iliyo ng'ambo ya mawe, mume wake alikuwa kibaruani katika bandari ya Djibouti, na mimba yake ya kwanza ilikuwa ya mapacha. Mhudumu wa afya aliyepita kambini alimpapasa tumbo akasema kwamba mmoja wa watoto amelala kinyume, na kwamba mama huyu asijaribu kujifungulia nyumbani. Awe amefika Dubti kabla mwezi haujaisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Matairi ya Landkruza yalikuwa kipara.

Basi Yayo alianza kutafuta matairi matano, manne ya kukanyagia na moja la akiba, na aliyatafuta kama mtu anayemtafuta mwizi ndani ya nyumba yake.

Aina alikuwa ameshaiamua. Matairi ya tope, yenye meno marefu yaliyoachana, madereva wengi waliyapenda kwa sababu ya sura yake ya ukali, lakini Yayo aliyaona mawe meusi yakiingia katikati ya meno hayo na kuchimba mpaka kwenye nyuzi. Matairi ya lami yalikuwa laini ubavuni na yasingefika hata kwenye mwamba wa kwanza. Alitaka tairi la kila njia: kashata zake, yale meno ya kukanyagia, zikaribiane kiasi cha kulikataa jiwe, ubavu wake uwe na matabaka mengi ya nyuzi, liende juu ya lami ya saa mbili bila kuchemka, kisha likanyage changarawe, mawe na mchanga bila kunung'unika. Halikuwa bingwa wa njia yoyote kati ya hizo, na sifa hiyo ndiyo iliyompendeza. Anayejidai bingwa alimtilia shaka.

Jambo la pili lilikuwa umri. Baada ya msiba ule, fundi mmoja wa Semera alikuwa amemwonyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa kila tairi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Raba ikikaa sana hukauka ndani kwa ndani, alisema fundi, na siku ikipata joto na mzigo hupasuka bila kuaga. Tangu siku hiyo Yayo aliapa kwamba hatanunua tena tairi bila kuinama kulisoma.

Duka la kwanza lilikuwa kiwanja cha Bilai, binamu yake kwa upande wa mama, nyuma ya maegesho ya malori. Matairi yalikuwa yamepangwa safu safu, meusi, yanang'aa.

Waafar, kabila la Yayo na Bilai, wakikutana wawili huanza kwa dagu. Hubusiana mikono, huchutama, na kila mmoja humpa mwenzake habari zote alizonazo: mvua, malisho, wagonjwa, waliofariki, gari gani lilipita na lilielekea wapi. Aliyoyaona husema nimeyaona, aliyoyasikia husema nimeyasikia, na anayechanganya hayo mawili hapati tena wa kuchutama naye. Yayo alibusu mkono wa Bilai, akaanza kukunja magoti. Bilai alimshika kiwiko.

"Habari tutapeana baadaye, binamu. Jua limeshapanda. Njoo uone mali."

Yayo alisimama, lakini magoti yake hayakulisahau jambo hilo.

"Yametoka wapi haya?"

"Yametoka kwenye meli. Ulidhani yanaota?"

"Nauliza kabla ya meli."

"Kabla ya meli mimi sikuwepo. Muulize samaki."

"Mbona yanang'aa hivi?"

"Kitu kipya hung'aa. Wewe siku ya harusi hukung'aa?"

"Nilipakwa samli."

Bilai alicheka sana, zaidi ya uzito wa utani wenyewe, na Yayo aliliweka hilo pia akilini. Alichutama mbele ya tairi la kwanza. Ukubwa ulikuwa sawa, kashata zilikaribiana alivyotaka, ubavu ulikuwa mgumu kwa kidole. Kisha akazitafuta tarakimu. 1118. Wiki ya kumi na moja ya mwaka wa kumi na nane. Kalenda zilizotundikwa katika kila duka la Logia zilisema kwamba mwaka uliokuwa ukienda ulikuwa wa elfu mbili na kumi na nane. Tairi lilikuwa limetoka kiwandani miezi michache tu iliyopita. Alilisoma la pili, la tatu, mpaka la kumi. Yote yalisema 1118.

"Unasoma nini huko, binamu? Barua ya mpenzi?"

"Nasoma."

"Ukimaliza uniambie kama ananisalimia."

Bei ilikuwa nafuu kidogo kuliko ilivyostahili. Yayo aliaga bila kununua, akavuka barabara kwenda kwa Desalegn.

Desalegn alikuwa mtu wa nyanda za juu, mwenye duka Logia kwa miaka kumi na miwili, na hata baada ya miaka hiyo alimsalimia Mwafar kwa neno moja na kuendelea kufunga nati. Yayo hakuwahi kumzoea. Mtu asiyekupa habari zake ana nafasi kubwa ya kuficha nyingine.

Matairi yake ya kila njia yalikuwa matano tu, hayang'ai, yana vumbi. Yayo alilipangusa moja kwa kikoi chake, akasoma: 4024.

Alisoma tena. Akainuka polepole.

"Bwana Desalegn, huu ni mwaka gani?"

"Kumi na nane. Umelala wapi, Baba Medina?"

"Tairi lako linasema ishirini na nne. Bado miaka sita mwaka huo uje. Unaniuzia tairi ambalo halijazaliwa?"

Desalegn aliweka spana chini. Kama angeeleza kwa utulivu, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, naye akacheka.

"Miaka ya tairi si miaka yetu. Huko kiwandani wana hesabu yao."

"Kila penye kasoro mnasema ni hesabu ya kwao."

"Sasa mimi nifanyeje, nilikwangue niandike ya kwako?"

"Umejuaje kwamba linakwanguliwa?"

Desalegn aliokota spana yake. "Nenda kwa Bilai, Baba Medina. Lakini nenda polepole."

Hayo maneno ya mwisho Yayo aliyachukua kuwa tishio la mfanyabiashara aliyeshindwa.

Jioni mke wake, Asiya, alimwekea maziwa ya ngamia na kumsikiliza akizipima sababu zake upande huu na upande ule. Bilai hakutaka dagu, hilo ni baya. Lakini tarakimu zake ni safi. Desalegn ana tairi lenye ubavu mzuri; lakini tarakimu zake zimeghushiwa, na mtu aghushi mbele ya macho ya mteja kwa nini kama hana lingine kubwa analolificha?

"Umepima matairi haya kuliko ulivyonipima mimi," Asiya alisema.

"Wewe nilikusikia tu. Hukuchapwa mwaka."

"Ungeniangalia ubavuni ungeuona. Yayo, mtoto yuko huko anahesabu siku. Chagua."

Alichagua tarakimu. Kesho yake Bilai alimfungia matairi manne na kulitundika la tano mlangoni kwa nyuma, na alipomaliza alimsindikiza mpaka barabarani huku akimpigapiga bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi. Yayo aliondoka na shaka yake imekaa kiti cha abiria.

Alisimama Serdo, kwenye njia panda ya barabara inayokwenda Afdera kwenye mashamba ya chumvi. Alishuka, akaweka kiganja juu ya kila tairi. Yalikuwa ya moto, lakini kila kitu cha Serdo ni cha moto. Nje ya kibanda cha chai lilikuwa limeegeshwa lori la chumvi, na dereva wake, Mwafar wa upande wa Djibouti mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa anateremka. Jina lake alilitaja kuwa Gaas. Walibusiana mikono, wakachutama kwenye kivuli cha lori.

Gaas alikuwa na dagu ya mtu wa safari ndefu, haina haraka wala pengo. Alianza Djibouti, akataja nani amefariki na nani amepata mtoto. Alisema amesikia kwamba bei ya mbuzi imepanda Tadjoura, hakuiona. Alisema ameona kwa macho yake mto wa mvua ukitelemka kutoka nyanda za juu ukiwa mwekundu. Yayo alikuwa akiitikia "ee" kila baada ya sentensi, kama ipasavyo, huku jicho moja likiwa kwenye tairi la mbele la kulia.

"Mwezi uliopita nilibeba mzigo wa Bilai wa Logia," Gaas aliendelea. "Matairi sitini."

"Ee."

"Nimeyaona yakishushwa kutoka juu ya paa la ghala, pale mjini Djibouti. Yalikaa juani huko tangu kabla ya kuzaliwa kijana wangu wa mwisho. Naye sasa yuko darasa la kwanza. Yalipakwa mafuta meusi kabla ya kupakiwa. Nilisaidia kuyabeba, na mikono yangu haikutakata kwa siku mbili."

Yayo hakuitikia. Tarakimu zilisema kumi na nane. Alizisoma mwenyewe, mara kumi. Na jana tu mtu wa nyanda za juu alikuwa amemwambia aende polepole. Mambo mawili yalikutana kichwani mwake na kufungana fundo, na kabla hajalifungua, mdomo ulikuwa umeshasema.

"Desalegn amekupa nini uje uniambie haya?"

Wazee wawili waliokuwa wakinywa chai pembeni walishusha vikombe. Gaas aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye magoti, goti moja kisha jingine.

"Simjui huyo," alisema. "Habari zangu zimeishia hapo."

Hazikuwa zimeishia hapo. Kila mtu aliyekuwepo alijua: mtu aliyetoka upande wa Afdera alikuwa hajaisema hata kambi moja. Yayo alibaki amechutama peke yake, kama aliyesahauliwa na kundi, na hofu mpya ilimwingia, kubwa kuliko ya matairi. Kumwita mtu mwongo ndani ya dagu ni kuubomoa ukuta ambao wewe mwenyewe umeuegemea. Kama Gaas angeweza kutumwa, basi hata habari alizozipata maisha yake yote kuhusu njia, visima na watoto wake mwenyewe zingeweza kuwa zimetumwa.

Alimfuata mpaka kwenye ngazi ya lori. Mbele ya wazee wale alimshika mkono, akaubusu tena.

"Nimekosa. Binti yangu ana mapacha ng'ambo ya mawe, nami nimekuwa nikiona wezi kila mahali. Nitakutolea mbuzi."

Gaas aliutoa mguu wake kwenye ngazi.

"Mbuzi nitamla nikipita Logia. Dume, tena asiwe na kikohozi. Chutama."

Walichutama. Yayo hakuweza kujizuia, alimwonyesha tarakimu. Gaas alizisoma, akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa karatasi ya mzigo iliyogongwa muhuri bandarini. Mwaka ulioandikwa humo ulikuwa wa elfu mbili na ishirini na sita.

"Kumi na nane ya nani, ndugu yangu? Kalenda ya nchi yenu iko nyuma ya kalenda ya dunia. Bandarini, na huko yanakotengenezwa, ni ishirini na sita. Toa mwenyewe."

Yayo alitoa. Ishirini na sita toa kumi na nane: matairi yalikuwa na miaka minane. Alijua tangu utotoni kwamba wageni wana mwaka wao, kama wana chakula chao na ndoa zao. Hakuwahi kufikiri kwamba tairi nalo ni mgeni. Alichomoa kisu chake kiunoni, akakwangua ung'aro katikati ya kashata mbili. Chini ya mafuta raba ilikuwa na nyufa nyembamba zilizosambaa kama tope lililokauka.

"Sasa nimalize," alisema Gaas, "na safari hii usinikatize. Mto niliokutajia umeikata njia ya zamani. Watu wa ile kambi ya chini ya mlima pacha wamehama. Nimewaona siku tatu zilizopita, wamevunja nyumba na kupakia mikeka, wanaelekea upande wa mashariki, kwenye malisho ya mchanga. Kulikuwa na mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa juu ya ngamia, na mama mkwe akimshikia hatamu. Alikuwa akimkaripia ngamia kwa sauti kubwa."

"Huyo ni Medina."

"Jina sikulisikia. Karipio nimelisikia."

Kambi ya chini ya mlima pacha ndiko alikokuwa akielekea. Angefika akute alama za mawe ya jikoni na kinyesi cha mbuzi, juu ya matairi ya miaka minane, na mto nyuma yake.

Alirudi Logia kwa mwendo wa punda, mikono imekaza usukani, akisubiri mlio kila mita. Dagu ilikuwa imefika kabla yake, daima huwahi. Bilai alikuwa amesimama mbele ya duka la Desalegn, na fedha za matairi mkononi, zote.

"Nami nilisoma kumi na nane kama wewe, binamu. Wallahi. Waliniambia ni mapya."

"Uliyaona ni mapya, au ulisikia?"

Bilai alimnyooshea fedha. Mafuta meusi hayakujipaka yenyewe. Pengine yalipakwa na mwenye ghala, pengine Bilai aliyanunua yameshang'aa. Yayo hakujua, na hata leo hajui. Alichokijua ni kwamba kama Bilai angechutama naye siku ile ya kwanza angelazimika kujibu, na ndiyo sababu hakuchutama. Alizichukua fedha zake bila kuzihesabu mbele ya Bilai, kwa kuuheshimu udugu wao wa upande wa mama, akaenda kuzihesabu nyuma ya gari.

Desalegn alikuwa ameegemea mlango.

"Ulisema tairi langu halijazaliwa."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Limezaliwa, na limeanza kutembea."

Mtu wa nyanda za juu alitabasamu kidogo, akaenda kuleta jeki. Lakini Yayo hakuwa amegeuka kuwa mtu mwingine kwa sababu ya aibu ya siku moja. Aliyapanga matairi matano ukutani, akayasoma yote. 4024. 4024. 4024. La nne 4024. La tano lilikuwa limeegeshwa tarakimu zikitazama ukuta. Alilizungusha. 3919.

"Hili lina miaka saba kwa hesabu ya kwao, Bwana Desalegn."

"Hilo ni la akiba. Hukuuliza."

"Kwetu, ukijua jambo ukanyamaza, umesema uongo."

"Kwetu, muuzaji anajibu anachoulizwa. Kama ningemhadithia kila mteja kila ninachojua, ningefunga duka saa sita usiku."

Walitazamana juu ya tairi. Hakuna aliyekuwa na hasira. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu aliyelelewa vibaya bila kosa lake. Mwishowe Desalegn aliingia stoo, akatoka na tairi jingine, akalipangusa mwenyewe, akaliinua tarakimu zikitazama mbele: 0225.

"Likague hata kwa pua, usije ukasema sikukwambia."

Yayo alilinusa.

Aliondoka alfajiri. Kwenye lami aliyasikiliza matairi. Yalivuma kwa sauti moja, ya chini, kama nyuki walio mbali. Kwenye changarawe alisimama akayagusa. Kwenye mawe meusi alisimama mara saba, na kila mara alizunguka gari lote, akichomoa vijiwe vilivyokwama kwa ncha ya kisu, akiutafuta mchaniko ambao hakuukuta. Penye mchanga alipunguza upepo mpaka mbavu zikabenuka, akavuka bila kuzama, kisha akajaza tena kwa pampu ya mguu akilaani jua. Penye tope lililoachwa na mto gari liliyumba, likashika, likatoka. Alishuka akayaangalia matairi yaliyojaa udongo mwekundu kwa jicho la mtu anayesubiri kudanganywa.

Aliikuta kambi mpya mahali Gaas alipoelekeza. Medina alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya mikeka, ameshika kiuno, na alipomwona baba yake hakusimama.

"Umechelewa, baba. Hawa wameshaanza kugombana humo ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Mama mkwe anasema bado. Mimi ndiye mwenye tumbo, nasema si bado."

Walimlaza kiti cha nyuma, mama mkwe akakaa naye akiwa na kibuyu cha maziwa na maneno mengi. Yayo alivuka tope, akavuka mchanga. Kabla ya mawe alisimama.

"Nini tena?" aliuliza Medina.

"Tairi. Naangalia tu."

Alisimama tena katikati ya mawe. Alipowasha gari mara ya tatu, pumzi za binti yake zilikuwa zimekuwa fupi, na mama mkwe alikuwa ameacha kuzungumza. Hilo la mwisho lilimwogopesha kuliko pumzi.

Walipomaliza mawe na changarawe na gurudumu la mbele kugusa lami, mguu wake ulienda wenyewe kwenye breki. Ilikuwa hapa, katika lami kama hii iliyonyooka, tairi la pili lilipopasuka mwaka jana. Alihitaji kushuka. Alihitaji kugusa mbavu nne, dakika mbili tu.

"Baba." Sauti ya Medina ilikuwa ndogo. "Ukisimama tena nitajifungulia hapa, na wa kwanza nitamwita Tairi."

Mama mkwe aliongeza, bila utani wowote: "Mmoja amegeuka vibaya. Nimemsikia kwa mkono. Usisimame."

Saa mbili za lami mpaka Dubti. Yayo aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akautoa kwenye breki. Hakuamini matairi. Hakumwamini Desalegn, wala kiwanda, wala hesabu za wageni. Alikanyaga mafuta. Upepo wa moto ulijaa ndani ya gari, na kila mtetemo wa barabara aliusikia kwenye meno, na hakusimama Serdo, wala Logia, ambako Asiya alikuwa amesimama kando ya barabara na furushi lake na ilimbidi alidandie gari likiwa linatembea, akimtukana mumewe mpaka kwenye daraja.

Waliingia kwenye lango la hospitali alasiri. Wauguzi walimchukua Medina kwenye kitanda cha magurudumu, na mmoja wao, baada ya kupapasa tumbo mara moja, aliita daktari wa upasuaji kwa jina. Mapacha walitolewa kabla ya magharibi: msichana, kisha mvulana, wote wakilia. Asiya alitoka mlangoni kumwambia mume wake, akamkosa kwenye benchi.

Yayo alikuwa nje, amechutama kando ya gurudumu la nyuma la kushoto. Ubavuni kulikuwa na mchaniko wa urefu wa kidole, mpya, umekatwa na jiwe jeusi mahali fulani ambako hakusimama. Aliingiza ukucha ndani yake. Ulizama, ukazama, ukakuta nyuzi, na nyuzi zilikuwa nzima.

"Wote wawili wazima," Asiya alisema nyuma yake. "Na mama yao. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema, bila kuutoa ukucha. "Ngoja nije nione."